Barua ya wazi kwa maaskofu: mnapomhamisha kasisi, msituachie funguo tu

Kwa Baba na Mama Maaskofu, maarkidikoni na makatibu wa dayosisi za Kianglikana,

Bwana asifiwe.

Nimekuwa mzee wa kanisa katika parishi ya kijijini kwa muda wa kutosha kuwaaga makasisi kadhaa na kuwapokea wengine. Kati ya kuaga na kupokea kuna kipindi kisicho na mwenyewe. Mara huwa miezi, mara mwaka na ushee. Naandika hadharani kwa sababu barua zinazopita ofisini juu ya jambo hili hurudi na jibu lile lile: tuwe na subira, tuombe, suala letu linashughulikiwa. Kuomba tunaomba. Subira nayo ipo, ingawa inapungua. Tunachokosa ni karatasi moja yenye saini ya askofu, inayosema nani afanye nini kasisi akishaondoka, na barua hii yote ni ya kuidai.

Makabidhiano mnayajua. Kasisi anapata uhamisho, au umri wa kustaafu umefika, au afya imegoma. Jumapili ya mwisho ibada inakuwa ndefu, hotuba nyingi, watu wanalia. Kesho yake gari linapakiwa, na kabla halijaondoka kasisi anamwita mzee wa kanisa pembeni na kumkabidhi bunda la funguo. Nyingine hakuna anayejua zinafungua nini. "Mtaendelea tu," anasema, na kweli tunaendelea. Ila hakuna aliyeambiwa aendelee na nini, kwa idhini ya nani, mpaka lini.

Kwenye daftari la dayosisi parishi hiyo sasa haina kasisi. Huku kwetu watu hawajaacha kuzaliwa, kuchumbiana wala kufa kwa ajili hiyo.

Chukueni mazishi. Familia inakuja kwa mzee wa kanisa jioni na inataka kujua jambo moja: nani atazika, na lini. Mzee anampigia simu kasisi wa parishi ya jirani. Yuko kwenye ibada, na makanisa yake mwenyewe yanamlemea. Anampigia msomaji mlei, yaani mshirika asiye kasisi anayeruhusiwa kuongoza ibada. Msomaji ana leseni ya askofu na amewahi kuongoza mazishi, lakini kila mara kasisi ndiye aliyemtuma. Sasa kasisi hayupo: ruhusa ile bado ipo, au iliondoka na gari? Anasita, kwa kuwa anamjua hata mtu atakayeuliza baadaye alizika kwa mamlaka ya nani. Inapigwa simu dayosisi. Ofisi imefungwa mpaka Jumatatu. Wakati wote huo wafiwa wamekaa pale pale, wanasikia kila neno. Swali lile lilihitaji jibu la mstari mmoja, na mstari huo ungeweza kuandikwa wiki nyingi kabla.

Jumapili ina shida ya aina nyingine, maana inaweza kwenda vizuri kwa muda mrefu sana. Sala ya Asubuhi haihitaji kasisi. Ofisi ya msomaji mlei ilifufuliwa katika Kanisa la Uingereza mwaka 1866, na bila watu hao makanisa mengi ya vijijini yangekuwa yamefungwa milango zamani. Msomaji akifika penye ondoleo la dhambi, ambalo Kitabu cha Sala cha 1662 kinamwachia kasisi, anageuza tamko kuwa ombi na kujihesabu miongoni mwa wenye dhambi. Nyimbo zinaimbwa, masomo yanasomwa, sadaka inatolewa. Mpita njia hawezi kujua kama kuna pengo. Nadhani hata ninyi mkisoma taarifa zetu hamlioni, na ndiyo maana kwenu halina haraka.

Lakini kitabu hicho hicho cha 1662 kinaagiza kila mshirika apokee Meza ya Bwana walau mara 3 kwa mwaka, Pasaka ikiwa mojawapo. Sisi tumewahi kupitisha Pasaka kwa Sala ya Asubuhi. Kasisi wa jirani alikuja katikati ya wiki, mbio mbio, sauti ikiwa imemkauka kwa ibada alizoziongoza kwake siku ya sikukuu. Huyo hana lawama. Alifanya zaidi ya wajibu wake. Waliokosa kabisa ni wagonjwa wa majumbani. Orodha yao ilikuwa kichwani mwa kasisi aliyehama, nasi tuliwakumbuka mmoja mmoja, wengine tukiwa tumechelewa.

Kama mngefungua kitabu chetu cha ibada mngeelewa bila mimi kuandika haya. Kina safu ya tarehe, ya aina ya ibada, ya mahudhurio, ya waliopokea Meza ya Bwana, ya sadaka, na mwisho saini ya aliyeongoza. Kabla kasisi yule aliyehama hajaondoka saini ni moja ukurasa baada ya ukurasa, imelalia upande wa kulia. Baada yake zinaanza hati za watu mbalimbali: msomaji, mweka hazina, mwalimu wa shule ya Jumapili, na moja ya kasisi mgeni ambayo haisomeki. Safu ya waliopokea imejaa vistari tupu kutoka juu mpaka chini. Mahudhurio hayakushuka sana, jambo ambalo hata mimi lilinishangaza. Safu ile ya vistari ndiyo ningependa iletwe kwenye vikao vyenu.

Fedha nitazipitia upesi, kwa sababu ni hadithi ya kila parishi. Kasisi alikuwa mmoja wa watia saini wa akaunti. Benki haimwondoi mpaka iletewe barua, barua inasubiri kikao, kikao kinasubiri mwenyekiti, na mwenyekiti wa halmashauri ya parishi ni kasisi. Fundi wa paa hayasubiri hayo. Mweka hazina analipa kwa fedha zake, anatia stakabadhi kwenye bahasha, na mkaguzi akija anamuuliza kwa nini alifanya hivyo. Mchango wa parishi kwa dayosisi, huo, unadaiwa wote bila kupungua hata mwezi mmoja.

Kwa kuwa nimetaja mchango, niseme na lile linalonong'onwa. Watu wanadhani nafasi huachwa wazi makusudi ili posho ya kasisi ibaki kwenye mfuko wa dayosisi. Sina ushahidi, na siwashutumu. Ila mnong'ono hustawi pasipo na tarehe. Kama fedha hazitoshi, semeni hazitoshi. Kama hakuna anayekubali kuja kijijini, semeni hivyo. Tunafahamu kwamba kasisi mwenye watoto wa shule na mwenzi mwenye kazi mjini atasita, nasi hatutamchukia. Na kama mnafikiria kutuunganisha na parishi ya jirani, hilo tungependa kulisikia mapema, na kulisikia kwenu, si kwa dereva wa dayosisi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko paa na benki. Mamlaka hayakai hewani. Msipoyaweka mahali yatajiweka yenyewe, na mara nyingi huenda kwa mwenye sauti kubwa au mwenye funguo. Kila parishi ina mtu wake. Si mtu mbaya: anachangia, yuko kanisani tangu utotoni, na wakati wa kasisi alikuwa akinung'unika tu kwenye benchi la nyuma. Kasisi akiondoka anaanza kupanga polepole. Kwanza zamu za wahubiri, halafu nani aimbe, halafu nani asiimbe. Kabla mwaka haujaisha ameshahamisha mimbari. Ukimuuliza nani amemruhusu, naye anakuuliza nani amemkataza, na huna la kumjibu. Wengine wananyamaza ili amani idumu. Wengine wanahama, hasa vijana, na hao kasisi mpya akija hawarudi.

Upande wa pili kuna tatizo lililo kinyume chake, na hili huwapata watu wanyofu kabisa. Ni wale wazee wanaoogopa kuamua lolote. Darasa la kipaimara lingoje kasisi mpya. Uchaguzi wa halmashauri ungoje. Barua kutoka kwa jirani anayedai mpaka wa kiwanja, nayo ingoje, mpaka jirani amekwisha kujenga ukuta. Nimesikia hata habari ya usalama wa mtoto, jambo lisiloweza kungoja hadi kesho, ikiambiwa ingoje. Mbabe na mwoga wanaonekana tofauti, lakini wote wawili wamezalishwa na ukimya wenu: hakuna mahali palipoandikwa hapa mnaweza, hapa hamwezi.

Kwa hiyo karatasi tunayoidai haituongezei madaraka peke yake. Tunaomba na mipaka. Iwe ya ukurasa mmoja, iwe na saini ya askofu, isomwe mbele ya washirika Jumapili ile ile ya kumuaga kasisi, tena kabla ya hotuba, watu wangali makini. Imtaje kwa jina kasisi mmoja atakayetulea mpaka mwingine asimikwe, na Jumapili atakazokuja kwa ajili ya Meza ya Bwana, Krismasi na Pasaka zikiwa zimeshapangwa. Iseme kwamba msomaji wetu anaruhusiwa kuzika. Iseme nani atafunga ndoa ambazo zimeshatangazwa, na kwamba ubatizo usio wa dharura unamngoja kasisi mlezi. Nani anaongoza halmashauri, nani anatia saini benki, wazee wanaweza kutumia kiasi gani bila kuuliza. Nani apigiwe simu habari ya mtoto ikizuka, na simu hiyo ipokelewe hata Jumamosi usiku. Kisha itaje yasiyoguswa: mpangilio wa kanisa usibadilishwe, mali isiuzwe, mtu asizuiliwe kupokea kwa uamuzi wa wazee peke yao. (Na nyumba ya kasisi, tafadhali, ikabidhiwe mtu. Nyumba isiyokaliwa huoza upesi, na bomba likipasuka ndani yake hugundulika maji yakifika barabarani.)

Mwisho, karatasi iwe na tarehe. Siyo tarehe ya kumpata kasisi, maana hiyo hamwezi kuiahidi. Ni tarehe ambayo mtarudi kutuambia mmefika wapi, hata kama mmekwama pale pale.

Haya si mageni katika Kanisa letu. Katika Kanisa la Uingereza, parishi ikibaki bila kasisi, mapato yake husimamiwa na wazee wa kanisa pamoja na kasisi mkuu wa eneo, na vyombo na samani za kanisa kisheria ni milki ya wazee hao, kasisi awepo asiwepo. Sheria yao ya 1986 inaipa halmashauri ya parishi kazi ya kuandika hali, mahitaji na mapokeo ya parishi, na kuchagua walei 2 ambao idhini yao inahitajika kabla nafasi haijatolewa kwa mtu. Wakikataa, askofu mkuu anaweza kuombwa apitie uamuzi wao. Sisemi kule ni peponi. Askofu anaweza kusimamisha uteuzi kwa muda wa hadi miaka 5, kisha akauongeza, na kasisi mmoja kubeba makanisa sita au zaidi vijijini ni jambo la kawaida. Washirika wao wanalalamika kama sisi. Tofauti ni kwamba wao wanajua walalamikie kifungu gani.

Wala msidhani walei kushika kanisa ni kubahatisha. Buganda, mwaka 1885, mateso yalipoanza chini ya Kabaka Mwanga, liliundwa baraza la wazee Waganda ili kanisa lisisambaratike wamisionari wakiondolewa. Mwaka 1888 wakafukuzwa kweli, na kanisa halikufa. Wazee wale walikuwa walei; baadhi yao, kama Nikodemo Sebwato, waliwekewa mikono, yaani wakaingizwa rasmi katika uchungaji, baadaye, mwaka 1893. Sisi hatuko kwenye mateso, nashukuru, na najua kulinganisha kunaweza kuonekana kiburi. Ninachokitazama pale ni utaratibu: wazee waliteuliwa mapema, kabla ya hatari kufika mlangoni, na watu waliwajua.

Kulikuwa pia na Roland Allen, kasisi Mwingereza aliyehudumu China, akaiacha parishi yake Uingereza mwaka 1907, na kwa muda mrefu wa maisha yake akawasumbua maaskofu kwa swali moja: kwa nini washirika wakose sakramenti kwa sababu tu hakuna kasisi wa kulipwa? Alitaka watu wazima waaminifu, wa hapo hapo, wenye kazi zao, wawekewe mikono wawe makasisi. Uzeeni alihamia Kenya, akajifunza Kiswahili hata akatafsiri tenzi kwa Kiingereza, akafariki Nairobi mwaka 1947. Pendekezo lake linahitaji sinodi, yaani baraza kuu la kanisa, na si karatasi ya ukurasa mmoja, kwa hiyo sitalikokota humu. Swali lake lakini bado liko mezani kwenu.

Ili nisieleweke vibaya: hatuombi mlei aadhimishe Meza ya Bwana. Sinodi ya dayosisi ya Sydney, Australia, ilipitisha jambo hilo mwaka 1999, na askofu mkuu Harry Goodhew akakataa kuliidhinisha. Mjadala huo tunauacha kwa wenye nguvu nao. Lakini mwaka 2001 Kanisa la Uingereza liliidhinisha ibada ambayo mlei anaweza kuwagawia washirika mkate na divai vilivyowekwa wakfu katika ibada ya kanisa jingine, askofu akitoa kibali. Najua wapo wanateolojia wanaoikunjia uso, na hoja zao zina uzito: watu wanaweza kuizoea wakasahau kumdai kasisi. Kwa Pasaka moja na kwa mgonjwa asiyeinuka kitandani, ningeipokea kwa mikono miwili.

Limebaki la kasisi mpya. Anapofika, mara nyingi hajaambiwa lolote zaidi ya jina la parishi na idadi ya makanisa. Haelewi kwamba yule mama anayefungua kanisa alfajiri alifundisha pia darasa zima la ubatizo, wala kwamba msomaji amezika watu ambao familia zao bado zinamwita yeye kwanza. Kwa nia njema anasema, "Sasa mpumzike, mimi nipo," na katika wiki moja watu waliobeba parishi wanageuka watazamaji. Wachache wanafurahi kupumzika kweli. Wengi wanaumia kimyakimya, na kasisi anabaki akishangaa kwa nini halmashauri imepoa. Mpeni kitabu cha ibada akisome kabla ya kusimikwa. Mwelekezeni akae na wazee na msomaji jioni moja, asikilize tu, kabla hajapanga ratiba yake ya kwanza. Na ile karatasi iishe nguvu siku hiyo kwa tamko, mbele ya wote, ili yule bwana wa mimbari naye ajue zamu yake imekwisha.

Rasimu tumeshaiandika. Ina nafasi ya jina la kasisi mlezi, nafasi ya tarehe na nafasi ya saini ya askofu. Tunaiwasilisha kwa katibu wa dayosisi wiki hii. Kateni mnapotaka kukata, ongezeni mnapotaka kuongeza. Kasisi wetu wa sasa ametutangazia kwamba anastaafu, na ibada ya kumuaga imeshapangwa. Tunaihitaji kabla ya siku hiyo.

Wenu katika huduma,
Mzee wa kanisa, parishi ya kijijini